Bahari Ndani ya Matungu: Kusomea Watoto Riwaya za Mabaharia kwa Sauti Nyumbani



Nimeombwa nizungumzie riwaya za kale za baharini na watoto wanaofundishwa nyumbani. Tuko Matungu, katikati ya miwa, na watoto wetu wengi hawajawahi kuiona bahari. Hata hivyo nashikilia kwamba riwaya hizi zinawahusu sana, na kwamba zisomwe kwa sauti, mzazi akiwapo, kwa kuwa zina mambo ambayo mtoto hafai kuachiwa akutane nayo peke yake.

Mjadala wa sheria sitauingia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, na kila familia inayofundisha nyumbani inaujua uzito wa jambo hilo. Lakini shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mnamo Machi 2020, hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, sote tulikuwa walimu. Nyumba yenye kitabu kimoja na watoto wanne wa rika mbalimbali haikuwa na njia bora kuliko mmoja kusoma na wengine kusikiliza.

Chukueni Robinson Kruso, riwaya ya Daniel Defoe ya mwaka 1719. Watu hukumbuka kisiwa, mbuzi na unyayo mchangani. Wachache hukumbuka kwamba Kruso mwenyewe alitekwa na maharamia akafanywa mtumwa huko Salé, Moroko. Kwamba alitoroka kwa mashua pamoja na kijana aitwaye Xury. Na kwamba baadaye alimuuza kijana huyo huyo kwa nahodha Mreno aliyewaokoa. Tena merikebu iliyovunjika ikamwacha kisiwani ilikuwa imeng'oa nanga Brazili kwenda pwani ya Guinea kuchukua Waafrika watumwa. Defoe anayapita haya upesi, na matoleo ya watoto mara nyingi huyaacha kabisa. Anayesoma kimyakimya huyapita upesi vilevile. Anayesoma kwa sauti mbele ya wanawe hawezi: akifika kwa Xury, mtoto atauliza kwa nini mtu aliyeonja utumwa amuuze mwenzake. Jibu rahisi halipo. Mzazi asikimbilie kulitafuta. Aweke kitabu chini, wazungumze.

Ndiyo maana nasema Kruso asisomwe bila James Mbotela. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichapwa 1934, na mwandishi mwenyewe alikuwa mtoto wa mateka aliyekombolewa. Humo bahari inaonekana kwa macho ya watu waliofungwa ndani ya jahazi, wasiojua wanapelekwa wapi, hadi manowari ya Waingereza ilipowakamata waliowabeba. Waliokombolewa namna hiyo walipelekwa Frere Town, karibu na Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1875. Kengele yake ipo hadi leo pale Kengeleni. Kitabu hiki kimekosolewa kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, nami naafiki. Mweleze mtoto hivyo, kisha endelea kusoma. Kwa maoni yangu, sehemu za mateso zingoje mpaka mtoto afikishe miaka kumi hivi.

Watoto wa hapa wanayo sababu yao wenyewe ya kuuliza. Wafanyabiashara wa pwani walifika Wanga, ufalme wa huku kwetu, kwa misafara tangu enzi ya Nabongo, yaani mfalme, Shiundu, na msafiri Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 mji wa Mumias ulijulikana kama Kwa Sundu. Baadaye mji ukachukua jina la Mumia, Nabongo aliyemrithi Shiundu. Pembe za ndovu zilizotoka huku zilibebwa mabegani hadi pwani, kisha zikapakiwa majahazini. Kwa hiyo msafara na jahazi ni hadithi moja, na mwana wa Matungu anaweza kuisoma kuanzia upande wake wa nchi kavu.

Jambo linalowachangamsha watoto kuliko yote ni pepo. Wape kalenda. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi na kuyaleta majahazi kutoka Omani. Kusi huanza Aprili na kuyarudisha. Anayekawia kuuza bidhaa anakosa upepo, naye hana budi kungoja miezi. Mtoto akishahesabu miezi hiyo kwa vidole, anaelewa kwa nini wageni walioa, wakajenga na kukaa Lamu na Mombasa, jambo ambalo somo la historia humwambia tu alikariri.

Msomaji asiogope maneno ya majini. Chora jahazi kwenye karatasi kubwa: omo mbele, shetri nyuma, mlingoti, foromali, tanga, usukani. Bandika ukutani kabla ya sura ya kwanza, na kila neno likitajwa, mtoto mdogo kabisa alionyeshe kwa kidole. Sura moja kwa jioni inatosha. Kesho yake mtoto asimulie, kwa Kiswahili au Kiwanga, bila kusahihishwa sarufi katikati ya masimulizi; akivuruga mpangilio wa matukio, nduguze watamkumbusha.

Walio chini ya miaka minane waanze na safari za Sindbadi katika Alfu Lela Ulela. Wakubwa waingie kwa Kruso, kisha Mbotela. Wakimaliza, wapelekeni Mumias, wawaulize wazee Waislamu yale waliyosimuliwa na babu zao kuhusu misafara, wayaandike kwenye daftari, na jioni hiyo wao ndio wawasomee wazazi.