Majani ya Shimo na Mafuta ya Mawese



Leo sikuji kuwaambia habari ya shaba. Nakuja kwa habari ya ngombe wa maziwa. Katika Katanga yetu mvua inakwisha mwezi wa 4, hairudi vema mbele ya mwezi wa 10 ao wa 11. Majani yanakauka, moto unapita, ngombe anakonda, mutoto anakosa maziwa. Lakini wakati wa mvua majani yalikuwa mengi, nanyi mukayaacha kuzeeka bure. Mutu wa akili hangoji njaa ndipo ajenge gala.

Gala ya ngombe ni shimo. Majani yanayochachuka ndani yake yanaitwa silaji. Mufanye hivi:

Mwezi wa 2 ao wa 3 mukate matete yenye siku 45 hata 60, yangali laini. Musikate kando ya barabara ya mukini yenye vumbi, wala penye maji machafu ya mukini: shimo halitoi sumu. Muyaanike nusu siku. Muyakatekate vipande vya sentimetri 2 ao 3.

Muchimbe shimo mahali pasipofika maji: urefu metri 2, upana metri 1, kwenda chini metri 1. Litaingiza kadiri ya kilo 1000. Mutie majani kidogo, mukanyage sana, mutie tena, mukanyage. Hewa ni adui. Matete yana sukari kidogo. Kwa kila kilo 100 muchanganye kilo 5 za unga wa muhogo. Mufunike kwa plastiki na udongo, mungoje siku 40.

Sasa wengi wananiuliza: "Muniteri, tukitia mafuta ya mawese, je?"

Nawajibu kweli. Mafuta yana nguvu kupita unga mara mbili na zaidi, na ngombe anayekamuliwa anahitaji nguvu. Lakini mujue mambo matatu.

La kwanza: vijidudu vinavyochachusha majani vinakula sukari, havili mafuta. Mwaka wangu wa kwanza nilikata matete mazee, sikukanyaga vema, nikamwaga mafuta juu, nikafikiri yataponya yote. Nilipofungua, majani yalikuwa meusi, yenye kuoza. Nikapoteza majani, nikapoteza na mafuta.

La pili: mafuta hayana proteini, chakula kinachojenga mwili na maziwa. Ngombe apewe tena majani ya karanga ao ya viazi vitamu.

La tatu: mafuta mengi yanazuia tumbo la ngombe kuvunja majani. Kwa kilo 100 za majani mabichi, nusu litri yatosha, musipite hapo. Muyachanganye vema wakati wa kujaza shimo, wala yasiwe mafuta yaliyooza.

Basi muhesabu. Shimo moja litaomba litri 5. Mama anayepika ajibu: litri 5 hizo zitatoka wapi? Kama nyumbani mafuta yanapimwa kwa kijiko, yabaki katika chungu cha watoto. Mafuta mekundu yanasaidia macho yao. Ngombe hatakufa kwa kukosa mawese. Atakufa kwa kukosa majani. Majani laini, miguu yenye kukanyaga na kifuniko kizuri ndivyo vinavyofanya silaji. Mafuta ni nyongeza ya mwenye kuwa nayo.

Siku ya kufungua, mufungue upande mumoja tu, mutoe ya siku ile, mufunike tena. Silaji nzuri ni ya kijani chenye manjano, harufu yake kali kidogo kama munkoyo. Yenye ukungu muitupe mbali. Ngombe mumoja akila kilo 15 kila siku, shimo hilo litamulisha siku 60 na zaidi: miezi miwili ya kiangazi.

Mwaka huu kila nyumba yenye ngombe ichimbe shimo moja. Mwezi wa 9 tutaonana, mutanionyesha kikombe cha maziwa.

Kazi njema.