Maonyesho ya Mlali na Kazi ya Kalamu Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Mmekwisha pata habari kwamba katika nyumba ya sanaa ya wenyeji wa Mlali yatafanywa maonyesho ya namna mbili: kwanza ya mambo ya kale, kisha ya picha za milima, miti na ndege wa Uluguru. Leo twapenda kueleza kwa nini shughuli hiyo yatuhusu sana sisi makarani.

Mlali pana sifa katika historia. Tarehe 24 Agosti 1916 wapanda farasi wa Jenerali Enslin, wa jeshi la Jenerali Smuts, waliteka hapo ghala ya risasi ya Wadachi. Siku mbili baadaye mji wa Morogoro ukatwaliwa. Majina ya majenerali yamo vitabuni. Lakini mizigo ya majeshi yote mawili ilichukuliwa vichwani na wapagazi Waafrika, na maelfu yao wakafa kwa njaa na maradhi. Picha za vita vile aghalabu humtaja afisa kwa jina na cheo, na waliosimama nyuma yake huitwa “wapagazi”, basi. Leo hakuna hata mmoja wao aliye hai. Waliobaki ni wajukuu waliosikia masimulizi, nao ni wazee.

Kitu kisicho na maelezo ni bubu. Chungu kikiwekwa pamoja na karatasi isemayo “Chungu cha kale”, mtazamaji atapita. Lakini ikiandikwa nani alikifinyanga, udongo ulichimbwa wapi, kilipikiwa nini, na kwa Kiluguru chaitwaje, hapo mtazamaji atasimama.

Hali kadhalika picha za viumbe. Katika Uluguru yuko ndege mweusi kichwani, kijani mgongoni, manjano kifuani, ambaye wataalamu humwita Malaconotus alius; hapatikani mahali pengine po pote duniani. Hukaa juu sana mitini, na husikika zaidi ya kuonekana. Mchoraji aweza kumpaka rangi barabara. Lakini maelezo yaliyo chini na yaseme pia kwamba misitu ya milima hiyo ndiyo ihifadhiyo maji ya mto Ruvu, yanywewayo Dar es Salaam, na kwamba Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008. Wala yasifiche neno gumu: katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko, watu wakakataa, na mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo. Mlima hauelezeki bila habari za wanaoulima.

Basi twawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aendapo likizo awaulize wazee wake, aandike. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo msiwaulize wanaume peke yao, bali na mama na bibi zetu. Pili, andikeni nakala mbili: moja ya maonyesho, na moja ibaki kwa aliyesimulia, ili habari yake isihame nyumbani kwake. Tatu, msichukue kitu cha ukoo bila idhini ya wenyewe. Na kikiazimwa, mwenyewe apewe stakabadhi yenye sahihi na tarehe ya kurudishwa.

Labda wako watakaosema, “Sisi hatukusomea uchoraji wala mambo ya kale.” Ni kweli. Lakini tumefundishwa kuandika jina la mtu bila kulikosea, kuweka tarehe mahali pake, na kutunza jalada hata anayekuja baada yetu alione. Wachoraji wa Mlali wana rangi, wazee wana habari. Kinachopungua ni mwandishi, naye ni mimi na wewe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tusikubali habari za wazee wetu zipotee hivyo, hali kalamu zimo mifukoni mwetu.