GARI LETU HALIWAKI ASUBUHI
(Maelezo ya fundi kwa wanachama, kikao cha mwezi Juni)



Nimeombwa nieleze habari ya pikapu yetu kabla hamjapiga kura juu ya kununua pampu nyingine ya dizeli. Wiki hii magunia ya viazi yamelala ghalani siku mbili, na wanunuzi wa pale Uyole hawatungoji. Watu mmechoka, na mtu aliyechoka akiambiwa "pampu imekufa" hutoa pesa tu. Mimi nasema tusitoe hata shilingi mpaka tumeiuliza injini yenyewe.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Rudolf Diesel, yule Mjerumani ambaye injini yake ilifanya kazi mwaka 1897, alipita njia nyingine. Hewa inabanwa ndani ya silinda, kwa gari kama letu kiasi cha mara 20 hivi, inakuwa ya moto sana, ndipo dizeli inanyunyiziwa humo na kuwaka yenyewe. Aliyejaza baiskeli upepo akagusa pampu kule chini anajua jinsi inavyopata joto. Ndiyo hiyo hiyo. Basi injini inataka izunguke kwa nguvu, ipate dizeli isiyo na maji wala upepo, na ipate joto.

Ikizunguka kwa uvivu, au ukisikia tak-tak-tak basi, tazama betri. Safisha vichwa vyake, kaza na ule waya unaokwenda kwenye bodi. Usipige stata zaidi ya sekunde 15 mfululizo. Ipumzishe kwanza, isije ikaungua.

Yetu inazunguka vizuri. Hapo mtu mmoja asimame nyuma kwenye bomba la moshi wakati mwenzake anapiga stata. Hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki. Moshi mweupe unatoka, dizeli inafika lakini haiungui. Kazi hii haina gharama, na wengi hawaifanyi!

Nimeitazama asubuhi tatu. Kwanza hamna moshi. Nikafungua swichi nikasikiliza pampu: ile sumaku inayofungulia mafuta inalia "tak", kwa hiyo ni nzima. Nikabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mara nyingi mpaka ikawa ngumu. Tukapiga stata, moshi mweupe ukatoka, na baada ya kusumbuka sana ikashika huku inatetemeka. Mchana inawaka mara moja. Sasa ndugu zangu, pampu iliyokufa inafufukaje saa sita? Tena pampu za namna hii zikilika ndani, mara nyingi husumbua injini ikiwa ya moto, siyo asubuhi.

Nikafunga kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kati ya filta na pampu. Mapovu yanapita. Mpira wa zamani umepasuka pale kwenye klipu. Usiku upepo unaingia na dizeli inarudi tangini. Halafu nikapima zile plagi nne za kupashia joto, mafundi huziita hita. Unafungua ule uti unaoziunganisha, unachukua taa ndogo yenye waya kutoka chanya ya betri, unagusa kichwa cha kila hita. Mbili zimewasha taa, mbili hazikuwasha. Zimekatika. Kule joto la pwani pengine tusingejua, lakini huku Uporoto, kama Makete na Mufindi, mwezi huu sakitu inalala juu ya majani.

Vijana nao nina neno nao. Nimeona mtu amekoka moto chini ya tangi, na mwingine anamwaga petroli kwenye njia ya hewa. Acheni! Petroli ikikutana na hita yenye moto hulipuka. Na kusukuma gari likiwa na mzigo kwenye mteremko ni hatari kuliko yote: breki zetu zinasaidiwa na pampu inayozungushwa na injini, injini ikiwa imezimika kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Aliyeteremka Kitonga kule Iringa anajua maana ya breki. Sukumeni tambarare, gari tupu.

Mwenye gari jipya la kompyuta asifungue mipira wala nati za nozeli ovyo. Dizeli humo ina msukumo wa kutoboa ngozi ya mkono.

Kuhusu dizeli ya madumu ya bei poa, mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa sababu ya uchakachuaji. Mafuta ya taa hayalainishi, na pampu inalainishwa na dizeli yenyewe. Tukinunua hayo, hiyo pampu mnayotaka kununua leo tutainunua kweli.

Kwa hiyo naomba kikao kipitishe hita nne, filta moja, mpira futi tatu na klipu zake. Nitavifunga Jumamosi mchana, halafu gari lilale nje. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi Mwenyekiti mwenyewe apige stata, na Mtunza Hazina asimame kwenye bomba la moshi. Kura ya pampu ingoje mpaka hapo.