Maneno yetu kwa wanafunzi wanaotoka Kilembwe



Namna mtoto wa Kilembwe anavyofika yunivasite tunaijua. Mama anauza mihogo, baba anauza mbuzi, mjomba aliye kwenye machimbo ya dhahabu anatuma kidogo, ndipo minervali inapatikana. Halafu ile njia ya kushuka mpaka Baraka, na nyie wenyewe munaijua wakati wa mvua. Kisha Uvira ao Bukavu. Siku ya kuondoka anaambiwa: "Soma sana, ukipata kazi ya Leta usitusahau."

Neno hilo ndilo limetuleta. Kijana akiipata ile kazi, mara nyingi mshahara unachelewa ao ni kidogo sana, na nyumbani wanangoja. Hapo bahasha ya kwanza inaingia.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria palepale Goma. Pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio alishughulika na maibobo, wale watoto wa barabarani, ili wasome. Kisha akaingia OCC, ofisi ya Leta inayokagua bidhaa. Chakula kilichoharibika kikafika, akapewa pesa ili kipite. Akakataa. Mwezi wa 7 mwaka 2007 alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Mwaka 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri huko Roma. Sisi tuko wa dini mbalimbali. Tunamtaja kwa sababu alianza kama nyie, kwenye benchi la auditoriamu. Na watu ambao wangekula kile chakula hawakujua hata jina lake.

Tuelewane vizuri: hatumuombi mtu afe. Tunaomba asiachwe peke yake. Ibara ya 28 ya Katiba inasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri ambayo ni wazi inavunja sheria. Ni nzuri. Lakini anayekataa anarudi nyumbani mikono mitupu, na sisi tunasema, "Huyu alisoma bure." Tulishamcheka mmoja wetu hivyo. Tunaona haya mpaka leo.

Basi wazazi, mukimuuliza mtoto ameleta nini, muulizeni pia kimetoka wapi.

Na nyie wanafunzi, musingoje diploma. Mama wa mihogo akilipishwa kwenye bariere, simama naye, omba risiti kwa heshima. Ibara ya 27 inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia viongozi ombi, peke yake ao na wenzake, nao wajibu ndani ya miezi 3. Kifaransa munachojifunza huko kina kazi hapa.

Barua ya kwanza, ya barabara, tunaiandika leo kisha mkutano. Karatasi ziko. Wenye maandishi mazuri wakae mbele, na wazee wabaki watuambie daraja gani lilianza kuanguka.