KUPATANISHA WATU: TUANZE KWA KUSIKIZA

(Mawaidha yaliyotolewa na mwanachama wetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, mbele ya vijana baada ya futari ya pamoja.)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwezi huu mtukufu tukiwa wazima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Mwenyekiti, masheikh wetu, mama zetu mlio upande wa pili wa pazia, na ndugu zangu vijana. Nimeombwa nizungumze juu ya kuwaleta watu pamoja katika maendeleo ya mtaa. Niseme mapema kwamba sikusimama hapa kama mtaalamu. Nimesimama kama mtu aliyejaribu kupatanisha, akaharibu.

Mwaka juzi nilikuwa nyumbani likizoni. Mtaani kwetu kuna bomba la maji ambalo pesa zake husaidia madrasa. Vijana wakagawanyika, wa juu na wa chini. Hawa wakasema wale wanakula pesa, na wale wakasema hawa hawaji hata siku ya kufagia. Ikafika hadi ndoo za watu kupigwa mateke kwenye foleni. Wazee wakaniambia, "Wewe umesoma dini, na chuo kikuu uko. Waite uwapatanishe." Nami kichwa kikavimba.

Nikawaita madrasa baada ya Alasiri. Nikasoma aya, nikataja hadithi, nikaongeza na yale ya darasani. Nilizungumza karibu dakika arubaini, mimi peke yangu. Mwisho nikatoa hukumu, kwamba kosa ni la vijana wa chini. Miongoni mwao alikuwemo rafiki yangu tuliyesoma naye chuo kimoja tangu alifu, tukila sinia moja kila maulidi. Akainuka, akavaa viatu vyake, akatoka. Mama mmoja anayeuza mahamri pale nje akaniuliza, "Mwanangu, ulikuja kutusikiza ama ulikuja kutusomea?" Sikuwa na jibu.

WALIYOFANYA MAMA ZETU WA WAJIR

Niliporudi chuoni nikaanza kusoma habari za watu waliofaulu pale niliposhindwa mimi. Sikuhitaji kwenda mbali, maana mfano uko hapa hapa Kenya, tena kwa Waislamu wenzetu.

Mwaka 1992 Wajir iliwaka moto. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo, serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka mwaka 1991 na bunduki zimejaa mpakani, na siasa za uchaguzi zikaongeza chumvi kwenye kidonda. Koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zikapigana na watu wengi wakafa. Uhasama ukaingia hadi sokoni, mama wa ukoo huu hataki kununua wala kumuuzia mama wa ukoo ule.

Mwaka 1993 wanawake wachache wa koo mbalimbali, walioanza kuzungumza wakiwa arusini, waliamua kwamba basi, imetosha. Mmoja wao alikuwa Bi Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu, mzaliwa wa Wajir. Hebu angalieni walianzia wapi. Walianzia sokoni, mahali ambapo kila mtu ana haja. Wakakubaliana kwamba soko ni la kila mama, wakaweka wenzao wa kuangalia, na panapotokea ugomvi ama wizi, jambo lishughulikiwe kabla halijafika kwa wanaume wenye bunduki.

Halafu wakawaendea wazee. Hapo ndipo nilipoona akili yao. Kama wangemweka mzee wa ukoo mkubwa aongoze, ukoo wa pili ungesema tayari tumeshahukumiwa. Kwa hivyo wakawatafuta wazee wa koo ndogo, zisizokuwa kwenye vita, wao ndio wawaite wakubwa. Mikutano ikaendelea hadi Septemba 1993 likapatikana Azimio la Al-Fatah, mapatano ya wazee ya kurudisha amani na ya namna ya kumshughulikia atakayeivunja. Vijana nao wakaunda kundi lao. Wakapatikana watu wa kukimbilia popote penye cheche, wazee, masheikh, kina mama na maafisa wa usalama wakiwa pamoja.

Mwaka 1995 kazi hiyo yote iliwekwa chini ya kamati ya amani na maendeleo, ndani ya mipango ya wilaya. Jina hilo si la bure, ndugu zangu. Watu wanaopigania kisima hawawezi kupatana kwa maneno matupu na kisima kikabaki vile vile. Na ukichimba kisima bila ya kuwapatanisha, umewaongezea kitu cha kupigania. Mambo haya mawili hutembea pamoja. Mfano huo wa kamati ulienea wilaya nyingine za Kenya. Bi Dekha alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, na nchi ilipochafuka baada ya uchaguzi wa mwaka huo, alikuwa miongoni mwa waliojitokeza kuituliza. Alifariki Julai 2011 kwa sababu ya ajali ya barabarani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

KILA MTU ASHIKE PEMBE

Nilipoyasoma haya nikakumbuka kisa ambacho sote tumesomeshwa madrasa tangu utotoni, nami nilikuwa nakisoma bila ya kukiona.

Mtume (S.A.W.) alikuwa na miaka 35, hajapewa utume. Makureshi walikuwa wanaijenga upya Kaaba, na ulipofika wakati wa kurudisha Jiwe Jeusi, kila kabila likataka heshima ile. Walikaribia kumwaga damu. Wakakubaliana kwamba mtu wa kwanza kuingia ndiye atakayeamua, akaingia yeye, al-Amin. Je, alichagua kabila moja akaliambia nyinyi ndio wenye haki? La. Aliomba nguo, akaliweka jiwe katikati, akataka kila kabila litoe mtu ashike upande. Wakanyanyua wote, kisha yeye akaliweka mahali pake kwa mkono wake.

Hiyo ndiyo kazi ya mpatanishi. Yeye huleta nguo, na wenye ugomvi ndio wanaonyanyua jiwe. Mimi pale madrasa nilitaka kulibeba jiwe peke yangu, tena nipigiwe makofi.

NILIVYORUDI MARA YA PILI

Likizo iliyofuata sikuita mkutano. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikauliza, nikanyamaza. Nikagundua kwamba sikuwa nimeujua ugomvi wenyewe. Vijana wa juu hawakuwa na ushahidi wa wizi wowote, ila hawajawahi kuonyeshwa hesabu. Wale wa chini waliumia kwamba wao ndio hufungua bomba alfajiri, na hakuna aliyewahi kuwaambia ahsante. Na kina mama wanaosimama foleni juani hawakuwa wameulizwa na mtu.

Nilipouliza wenyewe wanataka nini, majibu yalitoka kwao. Sanduku linawekwa na mama mmoja anayeaminiwa na pande zote. Kila upande una watu wawili kwenye kamati. Daftari la hesabu linasomwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi baada ya sala, na zamu ya kufungua ni ya wote. Pesa zilipozidi kidogo, wakakubaliana kuweka kivuli cha mabati kwenye foleni. Siku ya kupigilia mabati, wa juu na wa chini walipanda ngazi moja.

Lakini nisiwadanganye. Rafiki yangu hakuja siku ile. Kamati imepona, yeye bado. Nilimhukumu mbele ya watu bila ya kumsikiza, na kivuli cha mabati hakiondoi hilo. Ramadhan hii nimekwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza nikaambiwa hayupo. Mara ya pili alitoka, tukasalimiana mlangoni, basi. Nitakwenda tena inshaallah, na safari hii namwendea nikiwa na masikio, mdomo nitauacha nyumbani.

Ndugu zangu, tumefundishwa kwamba kusuluhisha baina ya watu kuna daraja kubwa hata kushinda saumu na sala za sunna. Mwezi huu sote tunafunga. Basi kila mmoja wetu, kabla ya Idi, amfikirie mtu mmoja ama kundi moja katika mtaa wake ambalo halisemezani na jingine. Asiende na hotuba. Aende akaulize, "Hebu nieleze, wewe limekuuma wapi?" Kisha anyamaze hadi mwenzake amalize.

Nikiwa nimekosea, ni kwa upungufu wangu. Nikiwa nimesibu, ni kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.