WAKILI WA SERIKALI NA MIZANI YA DUKANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ngumbo)



Tumeombwa tuseme juu ya kazi ya Wakili wa Serikali katika kumlinda mnunuzi. Sisi si mawakili. Tu makarani, na katika sekondari ya misheni tulifunzwa kuandika barua safi kuliko kusoma sheria. Walakini faili nyingi za wakili huanza mezani petu, na kwa hiyo twadhani tunalo neno la kusema, ingawa si neno la kutupendeza sisi wenyewe.

Watu wengi wa huku ziwani wadhani ya kuwa sheria za kumlinda mnunuzi hazipo, au zipo Dar es Salaam tu. Zipo. Iko Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ambayo tangu mwaka 2002 yasimamiwa na Wakala wa Vipimo. Iko Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ikatazayo muuzaji kumdanganya mnunuzi juu ya bidhaa, nayo ndiyo iliyoiweka Tume ya Ushindani. Iko na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, juu ya vitu vya bandia. Basi sheria si haba. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi, na hapo ndipo sisi makarani tunapohusika.

Mwaka juzi bibi mmoja, mzee, alinunua kilo mbili za sukari. Mkono wake ulimwambia kwamba hazikutimia. Hakugombana na mtu. Aliipeleka sukari yake zahanati, akaomba itundikwe kwenye mizani ya kupimia watoto wachanga. Mshale ukasimama penye kilo moja na gramu mia saba. Akaja ofisini kwetu na mfuko mkononi, akasema, "Mwanangu, andika."

Tukaandika. Siku nyingi zikapita, kisha akaja Afisa Vipimo na mawe yake yenye muhuri wa Serikali. (Mizani ya watoto ilimwamsha bibi, lakini haiwezi kuapishwa mahakamani, mizani ya ushahidi ni ile iliyohakikiwa.) Akaijaribu mizani ya duka mbele ya watu, ikaonekana kuwa inapunguza. Akaikamata, nasi tukaambiwa tuandike stakabadhi. Tuliiandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Lakini mwenye duka hakutia sahihi, kwa kuwa alikuwa amekasirika nasi tukaona haya kumhimiza. Wala shahidi hakuandikwa, ingawa watu walijaa barazani. Mizani yenyewe ikalala siku tatu chini ya meza yetu, kisha ikapelekwa Mbamba Bay na mtu aliyekuwa na safari zake. Hakuna aliyeandika nani alimkabidhi nani.

Shauri lilipofika mahakamani, wakili wa mshtakiwa hakubishana juu ya sukari hata kidogo. Aliuliza tu mizani ilikuwa wapi kati ya siku ya kukamatwa na siku ya kupokelewa, na ni nani angeweza kuapa kwamba hakuna mkono ulioigusa. Wakili wa Serikali alisimama bila karatasi ya kumjibu. Mshtakiwa akaachiliwa, akarudishiwa mizani yake.

Wakati ule tulimlaumu wakili, na wako waliosema amekula kitu. Haikuwa haki. Wakili halioni duka wala hamwoni bibi mpaka siku ya shauri. Huliona faili tu. Katika jinai yampasa kuthibitisha pasipo kuacha shaka yenye maana, na akijua ya kuwa faili lina tundu, ni wajibu wake kulirudisha lizibwe. La kwetu lilirudishwa mara moja, nasi tukalijibu kwa barua ndefu isiyojibu swali. Mambo aliyotuuliza si mapya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yataka kitu kikikamatwa itolewe stakabadhi yenye sahihi ya mwenyewe, na ya mashahidi kama wapo. Na Mahakama ya Rufani, katika Rufani ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007, ilieleza jinsi safari ya kielelezo inavyopasa kuonyeshwa kwa maandishi, tangu kukamatwa mpaka kufika mahakamani.

Kuna jambo jingine, nalo lituvumilieni. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, wala halitakiwi kuvishwa kofia. Lakini tunapopanda Mbinga kununua mahindi, ni nani kati yetu huchagua gunia lisilo na lumbesa? Twamwambia mkulima aongeze, aongeze tena, nasi twacheka. Mbele ya sukari sisi ni wanunuzi walioibiwa. Mbele ya mahindi, mkulima angekuwa na haki ya kutushitaki. Twalisema hili kwa sababu Afisa Vipimo huwahoji watu, na watu wajua magunia ya nani yalishushwa wapi.

Bibi yule angali ananunua sukari dukani pale, maana duka jingine ni mbali kwa miguu yake. Hajatuuliza habari za shauri. Akipita hutusalimu vizuri, nasi twaona afadhali angetutukana.

Tumefungua daftari la vielelezo. Kila kitu kinachoingia huandikwa siku, saa, aliyekileta, aliyekipokea, mahali kinapofungiwa, na sahihi mbili. Mwenye kitu akikataa kutia sahihi, huandikwa kwamba amekataa, na shahidi hutia ya kwake. Nakala tulimpelekea Wakili, akatusahihisha mahali pawili. Daftari liko mezani kwetu, na mwanachama atakaye kulinakili kwa ofisi yake na aje siku yoyote ya kazi, kabla ya saa tisa na nusu.