Kinga ya Wahudumu Haingoji Uhakika

Machi 7, 2003, hospitali mbili nchini Kanada, moja Vancouver na nyingine Toronto, kila moja ilipokea mgonjwa wa homa ngeni iliyokuja kuitwa SARS. Vancouver ilimtenga wake upesi na wahudumu wakavaa barakoa za kuchuja hewa, ugonjwa haukusambaa. Toronto ilimlaza wake katika idara ya dharura iliyojaa watu, pazia tu likimtenga na wenzake. Mlipuko uliofuata uliua watu 44, wakiwemo wauguzi wawili na daktari mmoja.

Wapo wanaosema barakoa hizo ni ghali, na kwamba tusubiri kwanza ushahidi kamili wa namna kirusi kinavyoenea. Hoja ya gharama ina uzito, lakini si kila kinga hununuliwa: madirisha hufunguliwa bure, na mwenye homa na kikohozi anaweza kutengwa tangu mapokezi. Kuhusu ushahidi, tume ya Jaji Archie Campbell iliyochunguza maafa ya Toronto ilisisitiza kwamba hatua za busara zisingoje uhakika wa kisayansi. Barakoa zikizidi mahitaji hubaki stoo. Muuguzi akiambukizwa, zamu hubaki wazi na wagonjwa wake huwa hatarini. Basi mlipuko unapoanza, kinga ianzie kiwango cha juu, barakoa zipimwe usoni zisiache upenyo kando ya pua, na masharti yalegezwe pale tu ushahidi utakaporuhusu.